Chuma Juu ya Kitambaa Cheupe

Nilipokuwa katika darasa la sita, katika mji wa Tanga, nilijiona kuwa mjuzi wa Kiingereza. Nilikuwa na daftari ndogo niliyoandika maneno mia tatu, kila neno na maana yake moja kando yake, nami nimeyashika yote kwa moyo. Mtu akinitajia neno ninalolijua, nilimjibu kabla hajafunga kinywa. Akinitajia nisilolijua, nilimjibu vile vile. Na hilo ndilo kosa ninalotaka kuwasimulia.

Aliyenilea ni mama mdogo, ndugu yake mama yangu, naye ndiye aliyenilipia ada ya shule. Mwaka ule alipata kazi katika nyumba ya bibi mmoja Mwingereza, mgeni katika nchi. Kiswahili cha bibi yule kilikuwa kidogo, lakini kilitosha kwa kazi za nyumba; na neno likimpotea, alionyesha kwa mkono. Kwa hiyo walisikizana vizuri, wala mama mdogo hakuona haja ya kujifunza Kiingereza.

Hata siku moja bibi aliondoka alfajiri kwenda safari ya siku mbili, akaacha karatasi juu ya meza. Mama mdogo akaja nayo nyumbani adhuhuri, akasema, “Mwanangu, nisomee. Nadhani hizi ni kazi nilizoagizwa.”

Karatasi ilikuwa na mistari minne tu. Wa kwanza ulisema, “Dust the books.” Katika daftari yangu “dust” ni vumbi, na “books” ni vitabu. Nikasema, “Hapa pana habari ya vumbi na vitabu.” Mama mdogo akajibu, “Nimefahamu. Nitavipangusa vumbi.”

Wa pili ulisema, “Air the blankets.” Nikasema, “Hewa, mablanketi.” Akajibu, “Vema, nitayaanika nje yapate upepo.”

Wa tatu ulisema, “Wash up.” Najua “wash” ni osha, na “up” ni juu; basi nikasema kwa sauti kubwa, “Osha juu!” Mama mdogo alitazama juu, akafikiri kidogo, akasema, “Labda ataka nisafishe juu ya kabati. Haidhuru, nitapasafisha, na vyombo nitaviosha kama desturi.”

Mstari wa nne ulisema, “Iron the tablecloth.” Kitambaa cha meza nilikijua, na “iron” katika daftari yangu ni chuma. Hapo mama mdogo hakufahamu. Akaniuliza, “Chuma na kitambaa, vina uhusiano gani?” Ningaliweza kusema, “Sijui, ngoja nikamwulize mwalimu.” Lakini niliona haya kushindwa na maneno matatu. Nikasema, “Kitambaa kitandikwe mezani, kisha kiwekewe chuma juu yake, kisipeperushwe na upepo.” Akaniuliza tena, “Una hakika, mwanangu?” Nikajibu, “Nina hakika.”

Basi akafanya kama nilivyosema. Kitambaa kilikuwa cheupe, kimefuliwa siku ile, hakijakauka sawasawa. Akakitandika, akatafuta vipande viwili vya chuma uani, akavifuta, akaviweka huku na huku. Nanyi mnajua hewa ya pwani ilivyo na unyevu. Bibi aliporudi akaviondoa vile vyuma, akakuta madoa mawili ya kutu, mekundu kama udongo wa mlimani. Alikasirika sana. Akasema kwamba thamani ya kitambaa itakatwa katika mshahara wa mwezi ule. Na mshahara ule ndio uliokuwa ulipe ada yangu.

Mama mdogo hakunitaja. Alirudi nyumbani, akapika, akanipakulia wali, akanieleza habari ile polepole kama anayesimulia mambo ya mtu mwingine. Hakunikemea hata kidogo, na kwa hiyo uchungu wangu ulizidi. Usiku ule sikulala.

Asubuhi nilimwendea mwalimu, nikamwonyesha karatasi. Hakunicheka. Alisema, “Waingereza hulichukua jina la kitu wakalifanya kuwa tendo, bila kulibadili hata herufi moja. Pasi za zamani zilikuwa za chuma, basi wakaiita pasi kwa jina la chuma. Kisha kazi ya kunyosha nguo wakaiita kwa jina la pasi. ‘Air’ ni hewa, tena ni kuanika kitu kipate hewa. ‘Water’ ni maji, tena ni kumwagilia maji. Na ‘dust’ ni vumbi, tena ni kupangusa vumbi. Lakini mpishi akiambiwa ‘dust’ juu ya keki, hunyunyiza sukari laini kama vumbi. Neno moja, huku laondoa, huku latia! Atakayekuambia maana ni ile kazi yenyewe, si daftari yako.”

Nikamwuliza habari ya “wash up.” Akasema kwamba Uingereza ni kuosha vyombo baada ya kula, bali Marekani mtu akiambiwa hivyo hunawa mikono na uso. Kisha akaniuliza, “Na wewe, mama yako akifanya kazi ya ‘wash,’ kwa Kiswahili wasemaje?” Nikafungua kinywa kujibu, nikasita. Maana nguo twafua, vyombo twaosha, mikono twanawa, na mwili twaoga. Waingereza kazi hizo zote huziita “wash.” Mwalimu akasema, “Wala usijione bora kwa hayo. Mtoto wa Kiingereza akisikia kwamba sisi twapiga pasi, twapiga deki, na twapiga mswaki, atadhani kwamba nyumbani kwetu kila kitu hupigwa.”

Jioni nilifuatana na mama mdogo mpaka kwa bibi. Njiani nilikuwa nimetunga maneno ya Kiingereza ya kuomba radhi, lakini nilipofika mbele yake yote yalinitoka. Nikasema kwa Kiswahili, “Bibi, kosa si lake, ni langu. Aliniuliza mara mbili, nami nikasema najua, na kumbe sijui.” Bibi alinyamaza kitambo. Ndipo mama mdogo aliposema, “Bibi, nipe kitambaa kwa siku moja.”

Siku ya pili alikamua ndimu juu ya madoa, akatia chumvi, akakitandaza juani. Kilipokauka akakisuuza, akarudia tena. Na mara ya tatu kutu ikatoka yote. Nilijifunza baadaye kwamba uchungu wa ndimu huyeyusha kutu. Mama mdogo hakupata kusoma jambo hilo katika kitabu, ila mikono yake ililijua. Akakifua kitambaa, akakipiga pasi, akakirudisha. Na bibi akakitazama huku na huku, akakishika mwangani, kisha akasema kwamba mshahara hautakatwa.

Tangu siku ile niliibadili daftari yangu. Sikuandika tena neno la kazi ya nyumbani mpaka nimeifanya kazi hiyo kwa mkono wangu. Nilifagia nikaandika “sweep”, nikapiga deki nikaandika “mop”, nikasuuza nguo nikaandika “rinse”, nikaianika kambani nikaandika “hang out.” Jikoni nilijifunza kwamba kuchemsha, kukaanga, kuoka na kuchoma kila moja ina neno lake kwa Kiingereza kama ilivyo kwa Kiswahili; bali mpunga, mchele na wali, vitu vitatu kwetu, Waingereza huviita “rice” vyote. Mama mdogo naye aliketi karibu yangu, akajifunza pamoja nami, akanishinda upesi, kwa kuwa yeye alikuwa na kazi zote tayari, akatafuta majina yake tu. Nami nilikuwa na majina tu, nikazitafuta kazi.

Ninyi wanafunzi mnaosoma habari hii, mtaulizwa mara nyingi na wazee wenu, “Hapa pameandikwaje?” Wanawaamini, na mara nyingine mshahara wao au dawa yao i katika jibu lenu. Mkijua, semeni. Msipojua, semeni hamjui, mkaulize kwa mwenye kujua. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na ajibuye asilolijua humtwisha mwenziwe gharama ya kiburi chake.