Tabia Mbaya Anazopaswa Kuziepuka Mwandishi



 

Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, mara kwa mara hutujia vijana wetu wa madrasa na kutuambia: "Ustadhi, nataka kuwa mwandishi. Nifanye nini nifanikiwe?" Mmoja huja na daftari, mwingine amekwisha andika kwenye simu yake. Tunafurahi sana kuwaona, maana umma unahitaji kalamu. Lakini jibu letu huwa silo wanalolitarajia. Wao wanangoja tuwatajie mambo ya kufanya, na sisi huanza na mambo ya kuacha. Kilichotuangusha sisi katika uandishi hakikuwa upungufu wa elimu wala wa Kiswahili. Zilikuwa ni tabia.

Leo tumeona ni vyema tuzieleze tabia hizo pamoja na kisa chetu wenyewe. Kisa hiki hatukukisimulia hadharani mpaka mwenye haki yake alipoturuhusu.

KIJARIDA CHETU NA MWENYE BUCHA

Mwaka 2009 tulikuwa vijana, tukisomesha madrasa hapa Buyenzi, Bujumbura. Tulianzisha kijarida cha kurasa nne. Tulikiandika kwa mkono usiku baada ya Isha, tukakipeleka kuchapwa, tukatoa fotokopi 150 na kukigawa baada ya swala ya Ijumaa. Kulikuwa na darsa fupi, maswali ya watoto, na habari za mtaa. Watu walikipenda, na sisi tukapenda kupendwa.

Katika toleo la sita tuliandika habari ya mistari michache, chini ya ukurasa wa tatu. Tulisema kwamba kuna bucha hapa mtaani inayouza nyama isiyochinjwa kisheria, na Waislamu wajihadhari. Jina hatukutaja. Tulitaja tu kona ilipo, na mtaani kwetu ukitaja kona umeshamtaja mtu.

Habari ile tuliipata kwa mzee mmoja, naye aliisikia kwa dereva, na dereva alisikia sokoni. Je, tulikwenda kuuliza? Hatukwenda. Na ile bucha haikuwa hata hatua mia moja kutoka mlango wa madrasa yetu.

Kuna jambo jingine ambalo ni zito zaidi kulikiri. Miezi miwili kabla ya hapo, mwenye bucha yule alikuja madrasa na kutulaumu mbele ya wazazi wenzake kwamba tumemchapa mwanawe kupita kiasi. Alikuwa na haki. Lakini sisi tulibaki na kinyongo. Tulipoletewa habari ya nyama, nafsi ilituambia kuwa hii ni nasaha kwa umma, nasi tukaiamini.

Wiki ile ile wateja wakaanza kupungua. Baada ya wiki tatu bucha ikafungwa. Mwanawe, aliyekuwa amefika juzuu ya tano katika kuhifadhi Qur'ani, hakurudi tena madrasa.

Wazee wa msikiti walipokwenda machinjioni kuuliza, walikuta nyama ya bucha ile inachinjwa na Muislamu anayejulikana na kila mtu, pamoja na nyama za bucha nyingine zote walizozoea kununua. Maneno yalikuwa yameanzia kwa mfanyabiashara mwenzake waliyekuwa wakigombania wateja. Tukaandika masahihisho katika toleo la saba, mistari miwili. Walioisoma habari ya kwanza walikuwa wengi, na walioyasoma masahihisho walikuwa wachache. Hata miaka kadhaa baadaye tuliwasikia watu wakisema, "Yule wa nyama ya haramu." Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa tuzitaje tabia zenyewe.

1. KUANDIKA KILA UNACHOSIKIA

Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 6, Allah (S.W.) anatuamrisha kwamba akitujia mtu fasiki na habari, tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Tuliisomesha aya hii kila mwaka, tena kwa tafsiri. Lakini tulipoandika hatukuikumbuka. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, kwamba kusimulia kila unachosikia kunatosha kumfanya mtu kuwa muongo. Yaani huhitaji kubuni uongo wowote. Inatosha kutochuja.

Mtazameni Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria (870). Imepokewa kwamba alikusanya kitabu chake kwa miaka 16, akachagua kutoka hadithi 600,000, na kwamba hakuweka hadithi ndani yake ila baada ya kuoga na kuswali rakaa mbili. Alizoziweka ni zaidi ya 7,000 tu, pamoja na zinazorudiwa. Mwanafunzi anayetaka kuandika na ajiulize: mimi nimeacha mangapi? Mwandishi ambaye hana alichokiacha, huyo hajachunguza kitu.

2. KUANDIKA UKIWA NA KINYONGO

Mnakumbuka kisa cha kuzuliwa Mama Aisha (R.A.), ambacho Allah (S.W.) alimtakasa nacho katika Surat An-Nur. Maneno yalizagaa Madina muda wa kama mwezi mzima. Mtume (S.A.W.) alimuuliza mkewe mwingine, Zaynab bint Jahsh (R.A.). Huyu ndiye aliyekuwa akishindana na Aisha katika cheo mbele ya Mtume. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kusema neno, ni yeye. Lakini alijibu kwamba anayahifadhi masikio yake na macho yake, na hajui kwa Aisha ila kheri. Dada yake, Hamna, aliingia katika maneno yale. Wote wawili walitoka nyumba moja, na tofauti ilikuwa katika kuuzuia ulimi.

Basi kabla ya kuandika juu ya mtu, jiulize: baina yangu na huyu kuna nini? Ukikuta kuna ugomvi, deni, wivu au posa iliyokataliwa, mwachie mwingine aandike, au usubiri. Hasira ina ufasaha wake, na hapo ndipo hatari ilipo. Yale mistari machache ya bucha tuliyaandika kwa wepesi kuliko darsa lolote tuliloliandika mwaka ule.

3. KUCHUKUA MANENO YA WATU BILA KUWATAJA

Vijana wengi hunakili makala ya mtu, wakafuta jina lake na kuweka la kwao. Wengine huandika "imesemwa" na "watu wanasema", ili wasiulizwe ni nani aliyesema. Hizi ni tabia mbili, lakini mzizi wake ni mmoja: kukata mnyororo.

Sisi ni umma wa isnadi. Wanazuoni wetu walitaja nani amepokea kwa nani, mtu kwa mtu, mpaka kwa Mtume (S.A.W.). Abdullah bin Al-Mubarak, aliyefariki mwaka 181 Hijria, aliihesabu isnadi kuwa ni sehemu ya dini, maana bila hiyo kila mtu angesema atakalo. Kama mnyororo wetu tungeuandika wazi, "tumeambiwa na mzee, aliyeambiwa na dereva, aliyesikia sokoni", tungeona haya wenyewe na tungeichana ile karatasi. Kutaja ulikotoa hakumpunguzii mwandishi heshima. Humlinda yeye na humlinda msomaji.

4. KUFUATA WANACHOKIPENDA WASOMAJI

Tunalisema hili kwa uchungu. Baada ya toleo la sita, kijarida kilitafutwa kuliko wakati wowote. Watu walitusimamisha njiani na kuuliza, "Ustadhi, wiki hii mmeandika nini?" Walikuwa hawaulizi darsa. Kwa toleo la saba tulitoa fotokopi 300, na tulikuwa tunafurahi kabla wazee hawajatuita. Hiyo ndiyo riyaa, nayo huingia kimya kimya. Mtu huanza kwa kutaka kheri iwafikie watu wengi, kisha hubaki anataka wingi peke yake.

Sisi wa nchi hizi za Maziwa Makuu hatuna udhuru wa kutojua jambo hili linapofikia. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu kwa kazi yao katika redio RTLM na gazeti la Kangura la Rwanda, na kwa mengine waliyoyafanya wakati wa mauaji ya mwaka 1994. Rufaa ya mwaka 2007 ilipunguza vifungo vyao, lakini haikuwafutia hatia zote. Redio ile ilipendwa, ilikuwa na muziki na mizaha, na watu waliisikiliza. Kupendwa hakukuwa dalili ya kheri. Mwandishi akipima kazi yake kwa kelele za wasomaji tu, hatajua ni wakati gani amevuka mpaka.

5. KUANZA KWA MBIO NA KUACHA

Kijana huanza leo, akaandika kurasa kumi kwa siku moja, na baada ya mwezi kalamu imekauka. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile inayodumu hata ikiwa ndogo. Andika nusu ukurasa kila baada ya Alfajiri, na baada ya mwaka utakuwa na kitu cha kuwapa watu.

Tuna mfano kutoka pwani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianzisha karatasi ndogo iliyoitwa Sahifa mwaka 1930, kisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Gazeti lile halikudumu muda mrefu. Lakini yeye hakuacha kuandika na kusomesha, hata alipokuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947. Makala zake zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi, na watu wameendelea kukisoma wakati gazeti lenyewe limekwisha zamani. Gazeti linaweza kufa na kazi ikabaki, ikiwa mwenyewe hakuiacha.

6. KUONA HAYA KUSAHIHISHA KOSA

Hii tumeiweka mwisho kwa sababu ndiyo iliyotuchelewesha kuliko zote. Tulidhani mistari miwili katika toleo la saba imetosha. Haikutosha. Dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake, huomba maghfira kwa Mola wake. Lakini haki ya mja mwenzio, lazima umwendee mwenyewe. Sisi tulikaa miaka mitatu tukipita njia nyingine ili tusikutane naye.

Mwaka 2012, baada ya Ramadhani, tulikwenda nyumbani kwake. Tulikiri yote, na kinyongo pia. Alitusikiliza mpaka mwisho, akaagiza chai, kisha akasema: "Ustadhi, mimi nimekusamehe. Duka ni mali, na mali hurudi. Lakini mwanangu hujanikosea mimi kwake. Muombe yeye."

Mwanawe alikuwa ameshavuka kwenda Kigoma kutafuta maisha. Tulimpigia simu. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Nimesamehe, Ustadhi." Tukamuuliza juu ya hifdhi. Akasema ile juzuu ya tano bado anayo nyingi, lakini hakuendelea. Leo ni mtu mzima na ana watoto. Kila tunapofika mwisho wa juzuu ile na wanafunzi wetu, huwa tunasimama kidogo, na wao hawajui kwa nini.

Duka lilifunguliwa tena, alhamdulillah, na sisi tunanunua nyama hapo mpaka leo. Lakini zile juzuu ishirini na tano hatuna namna ya kuzirudisha.

NASAHA YETU

Enyi vijana, andikeni. Msiogope kalamu kwa sababu ya kisa chetu. Kaeni na Kiswahili chenu, someni vitabu, na mwandike kila siku. Lakini kabla ya kutoa jambo linalomhusu mtu, zitembeeni kwanza zile hatua mia moja. Nendeni mkamsalimu, mkamuulize. Mara nyingi mtarudi bila habari, na kurudi bila habari kutawalindeni na majuto tuliyoyapata sisi.

Na nyinyi wazazi, mkimwona mtoto anaandika, msimuulize tu ameandika kurasa ngapi. Muulizeni: "Umeyajuaje haya?" Akizoea kuulizwa hivyo nyumbani, atajiuliza mwenyewe akiwa mkubwa.

Tunamuomba Allah (S.W.) atusamehe tuliyoyaandika bila ya elimu, awalipe kheri tuliowakosea wakatusamehe, na azijaalie kalamu za watoto wetu ziwe shahidi kwao wala si dhidi yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.