Kwa Mpwa Wangu, Kuhusu Muziki wa Boti Kuukuu

Mji wa Kale, Mombasa

Kwako mpwa wangu mpenzi,

Huku sote hatujambo, ila mkaza mjomba wako magoti yanamsumbua tangu kusi lianze, na anauliza yule papa mkavu uliyemwahidi amekwama njia gani.

Ama baada ya salamu, barua yako na picha za boti nimezipata. Mamako naye amenipigia simu, ananitaka nikukanye usizidi kumwaga pesa baharini. Sitakukanya. Boti umeshainunua, faiba yake bado ngumu, na mtu anayefanya kazi wiki nzima ana haki ya kutia nanga horini Kilifi siku ya Jumapili akasikiliza nyimbo zake. Ninachotaka ni kukupangia kazi, maana orodha uliyoniletea imeanzia darini: spika nne za juu, wufa chini ya kiti cha tezi, taa za rangi, na amplifaya ya "wati 2000" ambayo fundi wa matatu wa Mtwapa amekuahidi kuifunga kwa nusu siku. Betri hukuitaja hata mara moja.

Umeniuliza ununue amplifaya gani. Kwanza nijibu wewe: boti hiyo ikishinda imetia nanga, muziki ukapiga tangu adhuhuri, magharibi ikifika mashine itawaka? Miaka yote niliyofanya umeme wa vyombo pale Kilindini, boti za starehe nilizoziona zikikokotwa kurudi kwao nyingi mashine zake zilikuwa nzima. Kilichokufa ni betri, na aliyeiua ni redio.

Hesabu yake si ngumu. Betri ya asidi ya ampea-saa 100, ukitaka iishi, hutumii zaidi ya nusu yake. Muziki unaokula ampea 10 kwa wastani utaimaliza nusu hiyo kwa saa tano. Utasema mashine itairudishia njiani. Mashine nyingi za nje za zamani za farasi 40 hazichaji hata ampea 15, na hizo ni za mwendo wa kasi; ikinguruma polepole horini hutoa kidogo mno. Kwa hiyo umeme uliouimba alasiri nzima hauwezi kurudi kwa safari ya nusu saa.

Tia betri mbili. Moja ya kuwashia mashine, isiguswe na kitu kingine chochote. Ya pili ya matumizi ya ndani, ya aina ile iliyotengenezwa kuvumilia kushushwa na kupandishwa kila mara, maana betri ya kuwashia hutoa nguvu nyingi kwa nukta chache tu na huharibika upesi ikinyonywa polepole mpaka chini. Kati ya hizo mbili weka rilei inayohisi volti: mashine ikiwaka na volti ikapanda kupita 13 na kitu, inaziunganisha zote zichajiwe, mashine ikizimwa na volti ikashuka, inazitenga. Hutahitaji kukumbuka swichi, na siku ya Jumapili na wageni tele ndani ya boti kukumbuka ni kazi. Ukirudi bandarini, ichaji ya pili usiku kucha kwa chaja ya nchi kavu. Pampu ya ngama iwe na waya wake wenyewe na fyuzi yake, moja kwa moja kutoka betri ya kuwashia, ili hata ukizima swichi kuu iweze kutoa maji usiku boti ikiwa peke yake. Pampu hiyo tu ndiyo naruhusu iiguse betri hiyo.

Nunua mita ya kupimia umeme. Betri iliyotulia na kujaa husoma volti 12.6 au 12.7, ikisoma 12.2 imeshafika nusu, zima muziki. Halafu kuna kidudu kingine kinachowashangaza wengi. Redio ya gari ina waya wa njano unaobaki na umeme muda wote ili ikumbuke saa na stesheni. Ukiwa unanyonya miliampea 20 tu, kwa mwezi mmoja umekula ampea-saa 14, na boti yako itakuwa inakaa mwezi mzima pasipo kuguswa, nakujua. Upitishe waya huo kwenye swichi. Stesheni utazitafuta upya, hutakufa.

Sasa hizo wati 2000. Namba ya kwenye boksi ni ya kuuzia. Tazama ile iliyoandikwa RMS, ndiyo nguvu inayodumu, na kama haikuandikwa, chungulia fyuzi iliyopachikwa ubavuni mwa amplifaya. Fyuzi ya ampea 30 kwa volti 13 ni wati 390 zinazoingia. Hakuna chombo kinachoendelea kutoa zaidi ya kilichomeza. Tena zile amplifaya za mtindo wa zamani, daraja la AB, hugeuza karibu nusu ya umeme kuwa joto. Za daraja la D hufikisha asilimia 80 au zaidi kwenye spika. Kwa boti inayoishi kwa betri, usinunue nyingine ila hiyo. Wati 50 za kweli kwa kila spika, spika nne, zinakutosha na kubaki.

Najua utanung'unika kuhusu besi. Ndani ya matatu besi hujaa kwa sababu kuna kuta na paa la kuifungia. Boti iko wazi pande zote. Mlio mzito unatawanyika juu ya maji, na mngurumo wa mashine unafunika uliobaki. Ndiyo maana watu huongeza wufa, kisha huongeza amplifaya ya wufa, kisha huongeza betri ya amplifaya, mpaka tezi inazama kwa uzito. Dawa ni kuleta spika karibu na masikio ya waliokaa, wala si kuiongezea nguvu spika iliyo mbali. Spika za inchi 6 na nusu, mbili kwenye viti vya nyuma na mbili karibu na usukani, zikiwa zimeelekezwa kwa watu badala ya kuelekea ng'ambo ya hori, zitasikika vizuri kuliko hizo spika zako za juu. Achana na wufa mwaka huu.

Spika zenyewe ziwe za baharini kweli. Ya gari ina koni ya karatasi na chuma cha kawaida. Chumvi na jua la pwani vitaimaliza kabla ya kaskazi mbili. Unataka koni ya plastiki, ukingo wa mpira, skrubu za chuma kisichoshika kutu. Ukiona alama IPX7 ujue kifaa kimejaribiwa ndani ya maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Alama hiyo haisemi lolote kuhusu jua wala chumvi, basi tafuta pia maandishi yanayosema kimepimwa kwa hayo mawili.

Waya ndio sehemu nitakayokuchosha nayo, maana hapo ndipo boti kuukuu huwaka moto. Kabla hujaweka waya mpya, kagua wa zamani wote. Boti kuukuu kama hiyo imepitia mikono mingi, na kila mwenyewe aliongeza waya wake akaacha wa mwenzake. Fuata kila mmoja mpaka mwisho; usiojulikana unakokwenda, ng'oa. Chuna mpira kidogo uone ndani: shaba ikiwa nyeusi au ina ukungu wa kijani, maji ya chumvi yamepanda ndani kwa ndani na waya huo haufai hata wa taa. Mpya uwe wa shaba iliyopakwa bati, nyuzi nyembamba nyingi, si ule mgumu wa nyumbani.

Unene wake usiubahatishe. Mkondo wa ampea 50 ukienda mita 4 na kurudi mita 4 kwa waya wa milimita 6 za mraba, unapoteza zaidi ya volti moja njiani, na waya unapata joto. Kwa waya wa milimita 25 za mraba hupotezi hata theluthi ya volti. Waya mnene ni ghali, najua, kwa hiyo isogeze amplifaya karibu na betri na urefushe zile nyaya za spika. Fyuzi iwekwe kwenye waya chanya, isizidi sentimita 18 kutoka betri. Mafundi wengi huitia karibu na amplifaya, wakidhani inalinda amplifaya. Inalinda waya: kipande chochote kilicho kati ya betri na fyuzi kikichunika na kugusa chuma, hakuna wa kukizima.

Vichwa vya waya vibanwe kwa koleo lake maalumu, kisha vivikwe mpira unaonywea kwa moto, ule wenye gundi ndani. Tepu nyeusi haina kazi baharini. Huachia kwa joto na kuweka maji pale pale ulipotaka pakauke.

Huyo fundi wa matatu sina neno naye. Wale vijana wana masikio, na kwa kupanga sauti huenda wakanishinda. Lakini gari lina bodi ya chuma, na yeye amezoea kuchukua chanya kwenye betri na kufunga hasi kwenye bodi popote penye skrubu. Boti ya faiba haina bodi ya kurudisha umeme, na akiona hivyo atatafuta chuma kilicho karibu, yaani mashine. Usimruhusu. Umeme ukianza kurudi kwa kupitia mashine na maji ya chumvi, utakula zinki zako za kinga, kisha utahamia kwenye panka na shafti. Kila kifaa kirudishe waya wake hasi mpaka betrini. Mwambie hivyo kabla hajafungua mkoba, na usimame naye.

Kama petroli inakaa chini ya sitaha, amplifaya, rilei na swichi zisiwekwe chumba hicho. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka ngamani ukalala huko, na cheche moja inatosha. Betri nayo ikichajiwa hutoa haidrojeni, ipe mahali pa kupumulia.

Kuhusu kutoboa, taratibu. Tundu la ile redio ya kaseti niliyoiona kwenye picha zako lina kipimo cha gari, karibu milimita 182 kwa 53, na redio mpya za ukubwa huo bado zipo. Ingiza humo humo usikate dashibodi. Kwingine kote, ingiza mkono au kioo nyuma uone kilichopo kabla ya msumeno kugusa: bomba la mafuta na kebo ya usukani hupenda kupita mahali panapofaa spika. Na kumbuka boti nyingi kuukuu zina mbao katikati ya matabaka mawili ya faiba. Ukiitoboa na kuiacha wazi, maji huingia katika mbao na kuzioza kimyakimya mpaka sitaha inabonyea chini ya mguu. Paka epoksi kwenye ukingo mzima wa tundu, iache ikauke, ndipo ufunge spika.

Spika ina sumaku kubwa. Ukiifunga karibu na dira, dira itakudanganya, na utajua usiku. Zile mbili za usukani ziwe angalau mita moja kutoka dira, kisha linganisha dira hiyo na ya mkononi ukiwa mbali nazo, muziki ukiwa umezimwa na ukiwa umewashwa. Redio ya VHF nayo ijaribu kwenye chaneli 16 huku amplifaya inafanya kazi. Baadhi ya amplifaya na taa za rangi za bei rahisi hutoa mvumo unaofunika sauti ya mtu anayeomba msaada. Ikivuma, tenganisha nyaya, uziweke mbali na za antena. Isipokoma, rudisha kifaa dukani. Na swichi ya kunyamazisha muziki iwe mkononi mwa nahodha, si kwenye simu ya mgeni aliyekaa omo.

Jambo la mwisho ni la jirani. Jioni hewa ya juu ya maji ikipoa, sauti haipandi, inapinda kurudi chini na kusafiri mbali kuliko mchana. Unachokisikia wewe kuwa ni cha wastani kinaingia vyumbani kwa watu ng'ambo ya hori, na kanuni za kelele zinawapa haki ya kukushtaki. Ukienda Watamu, ile ni hifadhi ya bahari tangu 1968 na kobe hutaga pwani yake. Huko zima kabisa.

Kwa kuwa kusi limeshaanza na boti iko juu ya nchi kavu, una nafasi ya kufanya haya bila haraka mpaka bahari itulie. Usilipe arubuni ya amplifaya wala kumwita fundi kwanza. Nitumie picha za nyaya zote zilizo nyuma ya dashibodi, tarakimu zilizoandikwa juu ya betri, na volti inayosoma asubuhi kabla hujagusa kitu. Nikishaviona tutakwenda dukani pamoja, na pesa zitakazobaki mpe mamako.

Wasalaam,
Mjomba wako