Krepe za Kulala

Kwetu Ndosho mbabula huwashwa mara moja. Ukishaiwasha unapika vyote ulivyo navyo, maana makala hayamngoji mtu: yakishashika moto yanaungua, uwe na sufuria juu yake au usiwe nayo. (Wasomaji wa pwani wasome jiko na makaa. Mimi nitaendelea kusema mbabula na makala, kwa sababu zitakazoonekana mbele.) Mama anaijua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Ndiyo maana, tangu nilipokuwa mwaka wa kwanza hapa kitivoni, tulikuwa tukipika krepe siku moja tu kwa juma, Jumamosi, na krepe hizo zikamfikisha Mama mpaka Ijumaa kwenye meza yake kando ya barabara ya Sake.

Krepe ndizo ambazo Dar es Salaam wanaziita chapati za maji. Kilo tatu za unga wa ngano, mayai kumi na tano, maziwa ya unga, sukari kidogo, chumvi, maji, na mafuta ya kupaka kikaangoni. Uji wake uwe mwepesi wa kutiririka kutoka kwenye upawa bila kukatika. Kilo tatu hutoa krepe mia na ishirini hivi, ukiwa na mkono wa Mama. Mkono wangu ulikuwa ukitoa tisini, tena nene, na kila krepe nene ni faranga zilizopotea. Tulikuwa na mbabula mbili na vikaango viwili, yeye upande huu, mimi upande ule, nusu siku nzima. Majirani walinicheka. Kijana wa chuo kikuu, kifungua mimba, anageuza krepe uani! Nilizoea.

Kuzipika si kazi. Kazi ni kuzilaza. Krepe ikiwekwa kwenye baridi kali ikiwa bado na joto, mvuke wake hugeuka barafu katikati ya moja na nyingine, na siku ya kuzitoa utabandua vipande. Kwa hiyo tulizitandaza juu ya vitambaa safi kwenye meza, kitandani, hata juu ya sanduku la nguo, mpaka zipoe kabisa. Kisha tukazipanga kumi kumi, karatasi ya plastiki kati ya moja na nyingine, tukazitia kwenye mfuko, tukautoa hewa kwa kiganja, tukafunga. Mfuko ulale chali, usikunjwe. Asubuhi, saa kumi na moja, Mama alitoa mifuko miwili au mitatu, akazipasha moja moja kwenye kikaango kikavu chenye mfuniko. Alitumia makala kidogo tu, ya kutosha kuchemshia chai. Wamotari na wanafunzi walizikuta za moto.

Frigo haikuwa yetu. Ilikuwa ya jirani anayeuza samaki wa tomson, lile sanduku jeupe refu linalofunguliwa kwa juu. Mama alikodi pembe moja ya chini kwa faranga elfu tano kwa juma. Mdogo wangu wa mwisho alidai krepe zilikuwa na harufu ya samaki. Hazikuwa nayo, au pengine pua zetu wengine zilikwisha kuizoea.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, ambalo kidogo linaniaibisha.

Mwaka wa tatu tulikuwa na semina ya msamiati wa maisha ya kila siku. Kila mmoja alichagua uwanja: mwenzangu mmoja alichukua ujenzi, mwingine chukudu na sehemu zake, mimi nikachukua chakula. Niliandika kurasa kumi na mbili safi kabisa. Niliandika «jiko», «makaa», «jokofu», na mahali pake niliandika «chapati za maji zilizogandishwa». Mwalimu alisoma, akavua miwani, akauliza, «Na nyumbani mnasemaje?» Nikamjibu kwamba nyumbani hatuna neno.

Tulikuwa nalo. Mama husema krepe ya kulala. Chakula kilichobaki usiku kwake ni chakula ya kulala, ambacho kamusi zitakupa kama kiporo au mwiku. Naye akalichukua neno hilohilo akalipeleka kwenye frigo. Krepe iliyo kwenye baridi inalala. Kuipasha asubuhi si kuipasha, ni kuilamusha. «Kawalamushe kumi,» ananiambia, maana za kumi kumi amezifanya watu. Haya nilikuwa nikiyasikia kila siku kabla ya kutoka kwenda masomoni, kisha nikaketi mbele ya mwalimu nikasema hatuna neno, kwa sababu neno lenyewe lilinukia moshi.

Na tazama ni neno gani nililolificha. Pwani wanasema amka. Sisi tunasema lamuka, kama tunavyosema fungula na chagula pale wao wasemapo fungua na chagua. Mama ni mzaliwa wa Bukavu, na maandazi kwake ni bitumbula. Pwani kitumbua ni kitu kingine, cha unga wa mchele, lakini neno ni lilelile, na kwa Mama sauti ya l bado ipo. Kiswahili cha pwani ndicho kilichoiangusha l katika maneno mengi ya namna hii, ilhali lugha nyingi za Kibantu zinazotuzunguka bado zinayo, na Kiswahili chetu kimekua katikati yake. Mwanafunzi wa isimu ya lugha za Kiafrika angepaswa kukimbilia daftari. Mwaka 2016 Nico Nassenstein na Paulin Baraka Bose walitoa kitabu kizima cha matini na sarufi ya Kiswahili cha Kivu. Mimi, niliyelala nyumba moja na Kiswahili hicho, nilikuwa nikikisahihisha.

Semina hiyo nilipata alama nzuri, kwa bahati mbaya.

Halafu ikaja Januari 2025. Tarehe 23, Alhamisi, habari zilifika kwamba Sake imeanguka. Barabara yetu ndiyo barabara ya Sake. Habari hazikuhitaji redio, zilipita mbele ya meza ya Mama zikiwa na magodoro kichwani. Mama alifunga biashara mapema, akarudi nyumbani, akatoa unga wote tuliokuwa nao, kilo sita. Nilimwambia siku hiyo si Jumamosi. Akaniambia niwashe mbabula zote mbili.

Tulipika mpaka usiku. Krepe mia mbili na arobaini, mifuko ishirini na minne. Sauti kutoka upande wa Mugunga zilikuwa zikitikisa mabati, na Mama alimwaga uji kwa mzunguko uleule, mwembamba, bila kuharibu hata moja. Nami jioni ile kwa mara ya kwanza krepe zangu zilikuwa nyembamba kama zake. Jirani wa samaki alitupa pembe mbili badala ya moja. Yeye mwenyewe alikuwa amejaza samaki kwa fedha zote alizokuwa nazo.

Umeme ulikatika siku iliyofuata, usiku. Tulidhani ni mkato wa kawaida.

Nyumba yetu, kama nyingi za Ndosho, ni ya mbao juu ya mawe ya volkeno. Mbao hazizuii kitu. Jumapili usiku na Jumatatu tarehe 27 tulilala chini kwenye ushoroba, katikati ya nyumba, tumbo juu ya saruji, pamoja na familia ya watu kumi na mmoja kutoka Sake waliokuwa wamekuja kuomba kivuli. Sitaeleza yaliyosikika. Nitasema tu kwamba katikati ya giza Mama alikuwa akinong'ona hesabu, na mimi nilidhani ni sala. Alikuwa akihesabu saa. Frigo iliyojaa, isipofunguliwa, hukaa na baridi yake siku mbili hivi. Kutoka Ijumaa usiku mpaka Jumapili usiku: mbili. Mdogo wangu wa mwisho akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama krepe zetu zingali zinalala. Mmoja wa wale wageni alicheka, kisha karibu wote tukacheka, midomo kwenye sakafu.

Jumanne bunduki zilipopumua kidogo, jirani alipiga kelele juu ya ukuta, «Mukuye mukamate byenu, bitaoza!» Nilikwenda mimi, nikiwa nimeinama. Alikuwa ameketi juu ya mfuniko wa frigo tangu Jumamosi, akimzuia kila mtu asiufungue, hata watoto wake waliotaka barafu ya kunyonya. Alipoufungua, harufu ilitupiga sote wawili. Samaki wa juu walikuwa wamekwisha. Mifuko yetu ilikuwa chini kabisa, kwenye maji ya barafu.

Mama alinusa krepe moja moja. Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi kwa uangalifu ule, mtaalamu wa maabara hamfikii. Zenye uchachu kidogo aliziweka kushoto, na hakuruhusu hata mbuzi wa jirani azile. Tisini na nane tulizitupa. Mia na arobaini na mbili alizipika upya kwa moto mkali, akitumia mbao za kabati bovu kwa kuwa makala yalikuwa yamekwisha, nasi tukala: sisi sita, wale kumi na mmoja, jirani na watoto wake wanne, na wengine kutoka barabarani ambao sikuwahesabu. Zilitufikisha Alhamisi. Hakuna hata moja iliyouzwa. Unga wa kilo sita, mayai thelathini, maziwa, ndio ulikuwa mtaji wote wa Mama.

Majuma mawili baadaye jirani alikuja kudai faranga elfu kumi za pembe mbili. Nilikasirika sana. Nilimwambia Mama kwamba mtu hawezi kulipia baridi ambayo haikuwapo. Mama alikopa akamlipa, akaniambia kwamba yule mama alikaa juu ya mfuniko siku tatu risasi zikipita, na samaki wake wote waliharibika, na kama ninataka kubishana niende kubishana na umeme. Bado nadhani nilikuwa na haki. Lakini pembe yetu ya chini tunayo mpaka leo, na nasikia wapo wengine waliokuwa wakiitaka.

Mama alirudi barabarani mwezi Aprili, kwa kilo moja. Hatulazi tena krepe za juma zima. Tunalaza za siku mbili, zile tunazoweza kuzila wenyewe ikibidi. Benki zilifungwa, wateja wengi wamehama, na motari anayekula krepe mbili siku hizi anakula moja na kuuliza kama inakatwa nusu.

Masomo yalipoanza tena nilimpelekea mwalimu wangu kurasa mpya. Nilimweleza kwamba zile kumi na mbili zilikuwa na uongo ndani yake, si wa maneno bali wa jibu langu. Hakusema mengi. Alipigia mstari kulamusha, akaandika pembeni: «Mifano zaidi. Nani anasema, wapi, ana umri gani?» Kwa hiyo sasa Jumamosi ninageuza krepe kwa mkono mmoja na daftari liko juu ya ndoo. Jirani wa samaki husema kuamusha. Mama mmoja wa Rutshuru anayenunua kwetu husema kushitua, kana kwamba krepe imezimia. Mdogo wangu husema kuchofe, kwa Kifaransa, na Mama anamkemea.

Juma lililopita Mama aliniuliza nimeandika nini humo muda wote huo. Nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwamba kwenye mapishi nimesahau mafuta ndani ya uji, vijiko vitatu kwa kila kilo, la sivyo zinashikana zikilala hata ukiweka plastiki. Nimeongeza.