Jina la Maradhi ya Dada

Uso wa dada yangu ulipoanza kujaa, sisi nduguze tulimwambia amenawiri. Mimi, niliye daktari wa lugha wala si wa miili, nalikuwa wa kwanza kumtania. Hapakuwa na mmoja wetu aliyeuliza kwa nini miguu yake ilikonda huku uso ukijaa, kwa nini ndevu zilichomoza kidevuni, wala kwa nini ngozi ilivilia damu kwa kuguswa tu.

Tabibu aliyemtazama vizuri alimwagiza akusanye mkojo wa mchana na usiku mzima, ili ipimwe kotizoli, homoni itokayo katika tezi za adrenali, zile mbili zikaazo juu ya mafigo kama kofia. Usiku mwingine alimeza kidonge cha deksamethasoni. Kwa mtu mwenye afya kotizoli ingalishuka asubuhi. Yake haikushuka. Picha ya kompyuta ikaonyesha uvimbe wa sentimita 11 upande wa kushoto.

Nalitaka kipande kitolewe kwa sindano tupate yakini. Tabibu alinijibu kwa upole kuwa sindano yaweza kutawanya mbegu za saratani hiyo. Njia njema ni kuutoa uvimbe wote bila kuupasua. Kabla ya kisu alipima pia homoni za kiini cha tezi, kwani uvimbe wa kiini waweza kupandisha shinikizo la damu ghafula juu ya meza ya upasuaji.

Darubini ilithibitisha saratani ya gamba la tezi, ambayo kwa mwaka humpata mtu mmoja hivi katika milioni. Dada aliandikiwa mitoteni, dawa yenye nasaba na DDT ya kuulia wadudu (hili nalimficha mama), pamoja na haidrokotizoni, kwa kuwa mitoteni hudhoofisha hata tezi iliyobaki.

Bima ikakataa kulipa. Karatasi ya hospitali ilisema C79.7. Nalifungua Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la 10: hiyo ni saratani iliyofika katika adrenali kutoka kwingine. Iliyoanzia humo ni C74. Gamba ni C74.0, kiini C74.1, na pasipobainishwa C74.9. Kwa tarakimu mbili dada alikuwa amepewa saratani nyingine, na watu wa bima waliuliza kwa haki iko wapi hiyo ya kwanza. Mwanafunzi wangu akikosea kiambishi humpunguzia alama moja.

Karani hakuwa mpumbavu. Saratani zifikazo katika tezi hii ni nyingi kuliko zianziazo humo, na mkono huzoea lililo jingi. Tena majibu ya darubini hayakuwamo katika karatasi alizopewa. Nalimpelekea. Alisoma mstari mmoja, akakata, akaandika C74.0, tabibu akatia sahihi. Dada alikuwa amekwisha kukosa vidonge siku 9.

Jioni aliniuliza wameandika nini. Nikaanza kumfasiria. Akaninyoshea mkono nimpe karatasi, akaisoma mwenyewe.