Upepo Unatoka Wapi

Asubuhi moja ya mwezi wa nne nilikabidhiwa kopo la chuma lililojaa dizeli iliyochanganywa na petroli, lenye utambi mdomoni, nikaambiwa nianze kuchoma majani. Nikasita. Mara ya mwisho nilipojihusisha na moto wa nyika, mjomba wangu aliuza mtamba.

Nilikuwa kidato cha pili, Singida, katibu wa klabu ya mazingira. Mjomba alichoma malisho kabla ya mvua kama alivyozoea baba yake. Nikamtaja kwa mwalimu, habari zikafika kijijini, akapigwa faini. Hakunigombeza. Aliacha tu kuniita "mjomba" kama tulivyozoea kuitana, akaanza kuniita kwa jina langu la shule.

Sasa niko Kansas, katikati ya Marekani, mwaka wa pili wa shahada ya uzamili. Utafiti wangu uko Konza, hekta 3,487 za nyika ya majani marefu kwenye vilima viitwavyo Flint Hills. Jina hilo linatokana na Wakansa, wenyeji wa asili wa nchi hii, ambao walichoma majani haya kabla hakujawa na chuo chochote cha kuwaruhusu.

Nilikuja na swali nililoliona jepesi: kwa nini hapa miti ni michache hivi? Konza hupata wastani wa milimita 835 za mvua kwa mwaka. Kwetu tunapata pungufu ya hapo, lakini ukitoka nje ya mji unakutana na migunga na mibuyu. Nilidhani jibu limo kwenye jedwali la mvua, nikakaa na jedwali muhula mzima.

Jedwali halina upepo. Magharibi ya mbali kuna milima ya Rocky, imejipanga kutoka kaskazini hadi kusini. Hewa ya Bahari ya Pasifiki inapoipanda humwaga maji upande ule, ikishuka huku imekauka. Unyevu wa Kansas hutoka zaidi kusini, Ghuba ya Meksiko. Kaskazini ni Kanada, na hakuna mlima uliolala mashariki hadi magharibi wa kuzuia baridi yake. Hewa hizo tatu hukutana juu ya tambarare hii. Ndiyo maana niliwahi kutoka asubuhi na fulana, nikarudi jioni natetemeka meno, na ndiyo maana kuna ngurumo na vimbunga. Unyevu wa kusini usipofika, kuna ukame. Katika miaka ya 1930 ukame ulikuta maeneo makubwa magharibi mwa jimbo yamelimwa, udongo ukapeperuka hadi mchana ukawa giza. Flint Hills ilinusurika jembe kwa sababu chini yake ni mawe ya chokaa na ya gumegume.

Lakini hata hali ya hewa peke yake haitoshi, na hapo ndipo nilipomkumbuka mjomba. Konza imegawanywa: vipande vingine huchomwa kila mwaka, vingine kila baada ya miaka 2, 4 au 20. Nilisimama kwenye njia inayotenganisha viwili. Kushoto majani tu, yananifika kifuani. Kulia, ambako moto haujapita kwa muda mrefu, vichaka na miti ya jamii ya mtarakwa. Mvua ni ileile. Machipukizi ya nyasi hukaa chini ya udongo, ya mche wa mti yako juu, motoni. Mvua hukuza majani, ukame huyakausha, upepo hubeba moto. Ukiondoa moto, mvua yote hii inaanza kulea msitu.

Sisemi mjomba hakukosea. Moto wake ulikula mizinga miwili ya jirani. Lakini mimi nilimshtaki kwa kuchoma, si kwa kuchoma siku ya upepo.

Asubuhi ile tulipima upepo mara tatu kabla ya kuwasha. Jioni nikampigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

Nikamweleza nilichofanya, kwa ruhusa ya chuo, na zimamoto wamearifiwa. Akanyamaza hadi nikadhani simu imekatika.

"Upepo ulitoka wapi?"

"Kusini."

"Mkaanzia wapi?"

"Kaskazini, ili moto urudi taratibu dhidi ya upepo. Tulipopata ukanda mweusi wa kutosha ndipo tukawasha kusini."

"Mm," akasema.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi. Niliyasema vibaya, nikirukaruka, mtamba kwanza halafu mwalimu. Akasema mtandao unasumbua.

Wiki mbili baadaye nilimtumia picha ya kipande kile, kijani kitupu. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti wa sekunde nne, akiuliza ng'ombe wako wapi.