Kanyaga, Shikilia

Breki za gari la Baba zilikuwa zikilia tangu Pasaka na kila aliyepanda alikuwa na maoni yake. Mama alisema ni vumbi. Jirani alisema ni uzee. Baba aliongeza tu sauti ya redio. Ni Corolla, ile watu huita 110, na kila mwezi humpeleka Mama kliniki ya sukari Voi. Lakini kabla ya Voi kuna mteremko wa kutoka Wundanyi hadi Mwatate, kona baada ya kona, mlima upande mmoja na hewa tupu upande wa pili.

Desemba 2023 nilirudi nyumbani na begi moja la nguo na mzigo mmoja wa chuma: diski mbili, pedi za mbele, shuu za dramu za nyuma, silinda zake mbili ndogo na chupa mbili za mafuta ya breki. Nilikuwa nimevinunua Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, kwa pesa za kuandika.

Wacha nieleze jinsi mtu aliyeacha chuo akisoma uchumi alivyokuja kujua breki. Machi 2020 corona ilifunga vyuo. Vilipofunguliwa, sikurudi. Nilikuwa nimefeli masomo mawili na sikuwa nimemwambia mtu. Nilibaki Nairobi nikiandikia watu mtandaoni, na kazi moja ilikuwa kuandika maelezo ya vipuri vya magari, shilingi 50 kila kipuri. Nilikuwa nimeshaelezea pedi kama sitini hivi nilipogundua sijui pedi inafanya nini. Nikashuka kwenye gereji iliyokuwa chini ya ploti yetu kuuliza. Fundi akaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni. "Unataka kuambiwa ama unataka kuona?" Akanipa spana. Nilirudi kila Jumamosi kwa karibu miaka miwili.

Haya yote Baba aliyajua nusunusu. Tulikuwa tukiongea, ndio, lakini kuhusu mvua, mahindi na Mama. Kuhusu chuo, kimya.

Nilimwambia nataka kurekebisha breki. Akauliza, "Wewe?" Kisha akanipa ufunguo, akaleta kiti na kukaa kivulini, kama mwalimu anayesimamia mtihani. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini. Kusimamia ni damu yake.

Niliweka mawe kwenye magurudumu, nikalegeza nati gari likiwa bado chini, ndipo nikapiga jeki na kuweka stendi. Jeki ni ya kuinua tu; usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Mbele kushoto, pedi ya ndani ilikuwa imebaki nyembamba kama kucha huku ya nje ikiwa na nyama. Maana yake kalipa haitelezi: pini zake zimekauka, kwa hiyo pedi moja inafanya kazi ya mbili. Nilizisafisha, nikazipaka grisi ya breki, nikarudisha pistoni ndani polepole kwa klempu. Nyuma, silinda moja ilikuwa inavuja na shuu zimelowa. Vumbi la dramu nililifuta kwa kitambaa chenye maji. Halipulizwi kwa mdomo. Breki za zamani zinaweza kuwa na asbestosi.

Halafu nikageukia matairi. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka lilipotengenezwa. La kwanza: 1416. Wiki ya 14, mwaka wa 2016. La pili 1416. La tatu, la nne, vivyo hivyo. Mpira ulikuwa umepasuka nyufa ndogondogo kama udongo wa kiangazi.

Chuo nilijiunga 2017.

"Baba, haya matairi hujabadilisha tangu lini?"

"Yalikuwa bado mazuri."

"Hayakuwa mazuri."

Aliangalia mlimani. "Kulikuwa na mambo mengine ya kulipa," akasema.

Kesho yake nilipakia magurudumu yote manne juu ya matatu hadi Voi, maana kufunga tairi mpya kwenye rimu kunataka mashine. Nilikuwa nimefikiria pia rimu za spoti. Baba alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Gari ya mwalimu mstaafu haiendi harusi kila Jumamosi." Kwa hivyo rimu zikabaki zilezile za chuma, tukazisugua kutu kwa brashi ya waya na kuzipaka rangi ya fedha.

Kazi ya mwisho huhitaji watu wawili. Mafuta ya zamani yalikuwa meusi kama kahawa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, na yakiwa na maji huchemka mapema. Kwenye mteremko mrefu breki zikipata moto, yanageuka mvuke, na pedali inazama hadi sakafuni bila kushika kitu. Ni lazima yatolewe yote, pamoja na hewa. Mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko chini kwenye gurudumu na spana na mpira wa kutolea mafuta.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia." Nafungua, mafuta yanatoka na mapovu, nafunga. "Achilia."

Tulianza na gurudumu la mbali zaidi, nyuma kushoto, tukamalizia lililo karibu na dereva. Mama alikuwa akijaza mafuta mapya kwenye chupa ya juu yasiishe. Karibu saa nzima sikuuona uso wa Baba, naye hakuuona wangu. Tukiwa gurudumu la tatu nikasema, bado nimelala chini, "Baba, nilifeli masomo mawili. Ndiyo maana sikurudi."

Pedali haikusogea. "Nimeshikilia," akasema. Nikafungua. Nikafunga. "Si ungeniambia tu, Mama," akasema. Huniita hivyo kwa kuwa nimebeba jina la mamake.

"Achilia," nikamwambia. Akaachilia.

Jioni alitoa daftari lake la gari. Mafuta, fundi, tarehe, bei, yote kwa mwandiko wa ubaoni. Kuanzia 2017, katikati ya hesabu za gari, kuna mistari iliyoandikwa karo. Wa mwisho ni wa Januari 2020. Aliandika chini yake: breki na matairi. Kwenye safu ya fundi akaandika jina langu. Akauliza bei za vipuri, nikamtajia.

"Na ufundi?"

"Bure, Baba."

Alikataa kuandika bure. Aliiacha nafasi hiyo wazi.

Jumatatu, baada ya kuzijaribu breki polepole kwenye uwanja wa shule, tulishuka Mwatate gia ya pili, Mama nyuma na kadi yake ya kliniki. Redio ilikuwa imezimwa.