Simu Katika Kazi ya Vikundi

Sisi tuliomo vyuoni tumekwisha kuzoea kuiona simu ya mkononi ikikaa katikati ya meza kana kwamba nayo ni mwanakikundi. Hatuna nia ya kuilaani. Tunapenda tu kuwaeleza wanachuo wenzetu yaliyotupata Julai iliyopita, tulipokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Na kosa lilikuwa letu wenyewe.

Tulikuwa sita. Mkufunzi alitupa kazi ya kutayarisha andalio la somo la Darasa la Nne juu ya kutafuta pande kuu za dunia kwa kivuli cha kijiti, na saa nzima ya kujadiliana. Hatukujadiliana hata dakika tano. Watano kati yetu tuliinamia simu, kila mmoja akipekua kivyake, hata mmoja akasoma kwa sauti kwamba adhuhuri kivuli huelekea kaskazini. Tukanakili. Muda uliosalia ulikwenda katika ujumbe na picha zisizohusiana na somo.

Mwenzetu wa sita hakuwa na simu. Alisema kwa upole kwamba kwao, majira ya kuanika mahindi, kivuli cha kihenge mchana huangukia kusini. Tukamjibu, "Ngoja kwanza, dada, hapa imeandikwa." Hakuongeza neno.

Kesho yake tulisimika uwanjani kijiti cha mita moja mbele ya darasa zima. Kivuli kilipofikia ufupi wake, yapata saa 6:40 mchana, kilikuwa kirefu kupita nusu mita kidogo, nacho kimelala upande wa kusini. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona kivuli kimekataa?" Tulitazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Yale tuliyoyasoma yalikuwa kweli, lakini kweli ya nchi zilizo kaskazini mwa Tropiki ya Kansa, kama zile za Ulaya. Shule ile iko kiasi cha digrii 8 kusini mwa Ikweta. Hapo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Desemba kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini, na Julai huelekea kusini. Haya nayo tuliyapata katika simu zile zile jioni ile, kwa kuwa sasa tulikuwa na swali la kuziuliza. Na swali lenyewe lilitoka kwa mwenzetu wa kihenge.

Siku hizi simu zetu hukaa kikapuni dakika 20 za mwanzo. Kila mmoja hueleza anachokijua, katibu akiandika. Kisha hufunguliwa simu moja tu, ili kuhakiki yale tuliyobishania. Kazi huenda polepole, na wapo wanaonung'unika.

Somo la kivuli tulilifundisha upya juma lililofuata, na watoto walilifurahia. Lakini mwenzetu wa sita angali mgumu wa kusema kikundini. Sharti aulizwe mara mbili ndipo atoe neno.